Hasina Mchekecha Picha

Mtu akifanya kazi moja miaka mingi, kazi hiyo humfuata hadi kitandani. Fundi wa cherehani huota nyuzi, na mwenye kinu cha posho huota unga. Hasina binti Adan wa Kitale aliota chenga.

Akifumba macho tu aliziona, punje ndogondogo za rangi nyekundu, kijani na buluu, zikielea gizani na kushuka polepole bila kufika chini. Hazikumtisha. Mara nyingine usingizi ulimchukua akizitazama, na asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia mabati ya mji, aliziona tena katika mvuke wa chai. Alipomwambia mumewe, Nasir alimshauri akapimwe macho. Akaenda, akaambiwa macho yake ni mazima kabisa. Tatizo lilikuwa kamera za miaka ile.

Kwa asiyejua, chenga ni zile punje zinazojaa kwenye televisheni antena ikipinduka. Mwaka wa 2005 na 2006, kamera za dijitali zilipoanza kuingia katika studio za miji yetu, picha iliyopigwa mahali penye giza bila flashi ilitoka na chenga hizo hizo, na uso wa bibi harusi ukaonekana kama umenyunyiziwa pilipili manga. Na watu wetu, kwa sababu wanazozijua wenyewe, hupenda kufanyia mambo yao makubwa mahali penye giza. Wataenda katika kanisa lenye madirisha madogo, au jikoni kwa nyanya, au sebuleni mapazia yakiwa yamefungwa mchana kweupe.

Studio ilikuwa nyuma ya msikiti, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Upande wa mbele palikuwa na kiti cha picha za kitambulisho na ukuta uliochorwa maporomoko ya maji ambayo hakuna mtu wa Kitale aliyewahi kuyaona. Upande wa nyuma palikuwa na kompyuta, na hapo ndipo alipokaa Hasina. Mpiga picha aliitwa Walubengo, mtu wa Bungoma, mrefu, mwenye maneno mengi. Alikuwa na studio yake huko kwao, na kila Ijumaa alipanda kuja Kitale kupiga harusi za Jumamosi. Yeye alipiga, Hasina akasafisha. Watu walimsifu Walubengo, na Hasina hakuona wivu, ila hakupenda kabisa kuambiwa kwamba kazi yake ni kubonyeza tu. Aliyewahi kumwambia hivyo hakurudia.

Mwanzoni alisafisha picha kama mtu apikaye chapati, moja baada ya nyingine. Alichukua ya kwanza akaitoa chenga, akaitengeneza rangi, akaikata kingo, akaiongezea ukali, akaihifadhi, ndipo akashika ya pili. Harusi moja ilikuwa na picha mia tatu. Maharusi walirudi kutoka fungate, wakapata na mimba, picha bado. Tena nyingi alizozihangaikia namna hiyo zilikuja kutupwa, maana shangazi fulani alikuwa amefumba macho au mchungaji alikuwa anapiga chafya.

Dawa aliipata Ramadhani ya mwaka 2005, siku moja alasiri, ungo ukiwa mapajani akichambua mchele wa futari. Alikuwa na njaa, kichwa chepesi, na punje nyeupe zilimpita machoni kama zile za usiku. Akajiona anachambua kwanza, kisha ataosha, kisha atapika, na kwamba tangu azaliwe hajaona mtu mwenye akili zake akiosha punje moja, akaipika, akarudi kwa nyingine. Akacheka peke yake hadi Sumeya, bintiye, akatoka chumbani kuuliza kuna nini.

Kuanzia hapo kazi yake ilikuwa na utaratibu. Kwanza alichambua, akatupa picha mbovu zote kabla hajazigusa. Kisha alitenga zilizobaki kwa mahali zilipopigwa, za kanisani mbali na za nyumbani mbali, kwa sababu kila giza lina chenga zake. Halafu alitoa chenga, kabla ya kitu kingine chochote, maana ukiongeza ukali kwanza unazinoa na chenga pia. Baada ya hapo ndipo rangi, kisha kingo, na ukali mwisho kabisa. Hakusomea hayo popote. Aliyapata kwa kukosea na kurudia.

Ilibaki kuchagua programu ya kutolea chenga. Nasir, ambaye alifanya kazi saiba, duka la intaneti, alimletea tatu kwenye sidii moja, kila moja ya kujaribu siku thelathini. Majina yake yalikuwa marefu ya Kizungu, kwa hiyo Hasina akayabatiza upya. Ya kwanza aliiita Ufagio. Ilisafisha vizuri, lakini ilikuwa mvivu ajabu, ukiipa picha unaweza kwenda sokoni, ukagombana na mwenye nyanya, ukarudi ukaikuta bado inafagia. Ya pili aliiita Pasi. Hiyo ilikuwa ya mbio, ila ilinyoosha kila kitu, ndevu, mikunjo, nyusi, na mzee wa miaka themanini akatoka na uso wa sahani. Hasina aliijaribu kwa picha yake mwenyewe, akajitazama kwa muda, akakiri kwamba ni mzuri, kisha akaifuta programu kabla shetani hajamshawishi.

Ya tatu aliiita Chekeche, na hiyo ndiyo aliyoipenda, akailipia. Chekeche haikujifanya inajua. Uliionyesha sehemu ya picha isiyo na kitu, ukuta mtupu au anga tupu, ukaiambia kwamba punje inazoziona hapo ndizo chenga. Ikazikariri, ikapita picha nzima, na ukitaka folda nzima, ikiondoa zile tu ilizofundishwa. Hasina alipenda kufundisha. Alipenda pia kile kipindi cha kungoja, mstari wa kijani ukitambaa kwenye skrini, mkono shavuni, wakati uso wa mtu unatoka ndani ya chenga polepole kama anakuja kwako kutoka kwenye ukungu. Dirishani, siku nzuri, Mlima Elgon nao ulikuwa ukijitokeza hivyo hivyo. Saa hizo hakujua kama yuko macho au amelala, na alikuwa na furaha.

Kitu kimoja katika utaratibu wake kilikuwa kibaya, naye alikuwa akijivunia hicho hicho. Kompyuta ilikuwa na nafasi ndogo, basi picha ikishasafishwa aliihifadhi juu ya ile ya asili. Safi ilikalia chafu, chafu ikatoweka. Aliona hiyo ndiyo haraka. Na haraka haraka haina baraka, wahenga walisema, ingawa hawakuwa na kompyuta.

Agosti ya 2006, shule zilipofungwa, mwalimu mmoja wa kike wa upande wa mlimani aliolewa. Jina lake Jerono. Mama yake alifariki yeye akiwa mchanga, akalelewa na nyanya yake, Chelagat, ambaye Jerono alimwita kogo kama watu wa kwao wanavyomwita nyanya. Walubengo alifika alfajiri kwenye nyumba ya yule nyanya, akapiga maharusi na jamaa. Jumapili jioni aliacha picha katika kompyuta ya Hasina, akarudi Bungoma na kamera yake.

Jumatatu Hasina alizichambua. Katika zile za nyumbani mlikuwa na moja iliyomsumbua. Bibi harusi amesimama, macho ameyafumba, uso ameuinua kidogo. Mbele yake mwanamke mzee mfupi, shali mabegani, mashavu yamevimba kama anayepuliza moto usiowaka. Kwa mashavu yale, Hasina nusura aitupe. Lakini uso wa yule msichana ulikuwa umetulia namna ambayo hakuwa ameiona kwenye harusi yoyote, mahali ambapo kila mtu anahangaikia viatu na keki. Akaiacha.

Akaichagua picha hiyo hiyo ya kufundishia Chekeche, kwa sababu kati ya nyuso mbili palikuwa na ukuta wa udongo uliosiribwa vizuri, mweusi kwa moshi, mtupu. Akauzungushia kisanduku. Chenga za hapo zilikuwa kubwa kuliko za kawaida, tena nyeupe, na Hasina akastaajabu jinsi nyumba ile ilivyokuwa na giza. Akaiambia Chekeche hizi ndizo chenga. Kisha adhana ya adhuhuri ikaanza. Akaagiza folda yote ya nyumbani ipitishwe na ihifadhiwe juu kwa juu, akajifunga mtandio, akaenda kuswali.

Aliporudi kazi ilikuwa imekwisha. Ukuta ulikuwa laini, uso wa Jerono safi, hakuna punje. Kwa wiki mbili Hasina aliifungua picha hiyo kila asubuhi kabla ya kuanza kazi, bila sababu. Aliona ndiyo kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya.

Katika wiki hizo mbili Kogo Chelagat alifariki, ghafla, akiwa ameketi juani. Wakamzika. Alhamisi iliyofuata, saa mbili asubuhi, Jerono alikuja studio akiwa na kitambaa cheusi kichwani. Hasina alimpa pole, akamvutia kiti, wakaanza kupitia picha pamoja. Ilipofika ile, Hasina alitulia kidogo ili aifurahie.

"Hii ni ile saa kogo alinibariki," Jerono akasema. Akainama karibu na skrini, akatafuta, akarudi nyuma, akainama tena. "Mama Sumeya, maziwa iko wapi?"

Hasina akauliza maziwa gani. Ndipo Jerono akamweleza, bila haraka, kama anavyoeleza darasani. Kwao msichana akitoka nyumbani kuolewa, aliyemlea hunywa maziwa ya kibuyu akayaweka mdomoni, akampulizia usoni na kifuani, yakamwagika juu yake kama umande. Hufanywa mara moja tu. Walubengo alikatazwa kutumia flashi, kogo alisema hataki radi ndani ya nyumba yake, na akaruhusiwa picha moja. Maziwa yenyewe shangazi aliyapangusa hapo hapo kwa leso, yasiharibu gauni. Jerono alisema kwamba tangu mazishi hakulia sana, kwa kuwa alijua picha iko. Alitaka kuyaona yale maziwa yakiwa bado hewani.

Hasina alitazama tena skrini. Aliukumbuka ukuta, na zile chenga kubwa nyeupe, na kisanduku alichozizungushia kwa mkono wake. Angeweza kusema kamera haikuyashika. Walubengo asingejua, na Jerono angeamini.

"Yalikuwapo," akasema. "Ni mimi niliyeyafuta. Nilidhani ni uchafu wa kamera."

Jerono aligusa skrini pale kati ya nyuso mbili. Nje mtu alikuwa akipiga misumari kwenye kibanda. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama kompyuta haiwezi kuyarudisha, na Hasina akajibu kwamba amehifadhi juu ya ile ya asili, na maji yakimwagika hayazoleki. Jerono akauliza tena, kama hawezi basi kuchora mengine, matone madogo tu, si yeye ni fundi. Kwa mikono ya Hasina hiyo ilikuwa kazi ya dakika kumi. Alitamani sana kuifanya.

"Nikichora, yatakuwa yangu," akasema. "Hayatakuwa ya kogo."

Palikuwa na tumaini moja, na lilikuwa Bungoma. Kadi ya kamera alikuwa nayo Walubengo. Lakini Walubengo naye alikuwa na utaratibu wake, kila Alhamisi alizifuta kadi zake zote ili ziwe tupu kwa harusi za mwisho wa wiki, na zilikuwa zimeshapita Alhamisi mbili. Hasina alimpigia simu mara tano, akaambiwa mara tano kwamba mteja hapatikani. Akafunga studio, akamwambia Jerono arudi kesho, akaenda kwa kaka yake Abdihakim, ambaye asubuhi hiyo alikuwa akipeleka sabuni Bungoma kwa pikapu.

Hasina aliketi karibu na dirisha. Kiminini walipita watu wakianika mahindi kando ya barabara, na zile punje zikamjaa machoni. Misikhu kulinyesha rasharasha juani, kioo cha mbele kikatapakaa matone, Abdihakim akawasha waipa, na Hasina akamwomba aizime kidogo. Abdihakim alimtazama, akaizima. Waliendesha hivyo, barabara ikitetemeka nyuma ya matone, na Hasina akawaza ni vitu vingapi amevifuta kwa miaka hii bila kujua, mvua ngapi, vumbi gani la ngoma, unga gani wa nani. Alikuwa amejiita msafishaji. Webuye harufu ya kiwanda cha karatasi iliingia ndani ya gari, na hapo akagundua kwamba analia.

Walubengo walimkuta mlangoni kwa studio yake, kwenye kigoda, kamera mapajani, kidole gumba kikibonyeza. Hasina hakungoja salamu, akamwuliza anafanya nini. Akasema si leo ni Alhamisi, anafuta kadi. Simu ilikuwa imeisha chaji. Hasina akauliza juu ya harusi ya Jerono, na Walubengo akasema hiyo aliifuta kitambo, bana, tangu juma lililopita lile.

Hasina aliegemea mlango. Alimweleza yote kwa maneno machache, ukuta, kisanduku, maziwa, na kadiri alivyoeleza ndivyo Walubengo alivyozidi kukunja uso. Alipomaliza, Walubengo aliigeuza kamera, akabonyeza kwa muda mrefu akirudi nyuma, picha hadi picha, kisha akamnyooshea.

"Hiyo moja sikufuta," akasema. "Kidole kilikataa. Hata kwetu wazee hupuliza pombe ya busaa kwa mtoto akienda safari. Lakini Mama Sumeya, hukuwa unajua kweli?"

Hasina akamgombeza hapo hapo, kwa nini asimwambie, kwa nini aache picha kama hiyo kwenye kompyuta bila neno. Walubengo alijitetea kwamba alidhani kila mtu anajua, ni kama mtu akuambie wali ni chakula. Hasina akagombeza tena, lakini nguvu zilimwishia, kwa sababu yeye naye hakuuliza. Muda wote huu amewasafisha watu wa mlimani na wa Bungoma, na hajawahi kumwuliza hata mmoja wao mashavu haya yamejaa nini.

Kesho yake Ijumaa, kabla ya swala, Jerono alirudi. Hasina alikuwa ameifungua picha ilivyotoka kwenye kamera, haijaguswa. Ilikuwa chafu, chafu mno, chenga kutoka kona hadi kona, nyekundu na kijani na nyeupe, nyumba nzima ikichemka, na katikati ya kuchemka huko mzee mmoja akimpulizia mjukuu wake. Jerono alijiziba mdomo kwa mkono. Sasa alilia, na Hasina akamwacha alie, akamsogezea chai.

Alipotulia, Hasina alimweleza alichofikiria usiku. Chekeche haitahusika. Atazitoa chenga za kamera kwa mkono, moja moja, na maziwa yabaki peke yake, meupe, picha iwe safi na baraka iwepo. Itachukua siku nyingi, na yuko tayari. Alichohitaji ni mtu aliyekuwapo, amwonyeshe tone ni lipi.

Wakaanza. Jerono aliweka kidole kwenye skrini, karibu na midomo ya kogo. Hizi ni maziwa, hizi pia, na hii kubwa, hii ilimwangukia kwenye nyusi, alikumbuka ilivyokuwa baridi. Hasina aliziwekea alama. Wakasogea katikati, kwenye ukuta mweusi, na hapo kidole kikaanza kwenda polepole. Hii ni maziwa. Hii sijui. Hii labda. Juu kidogo, kuelekea darini, punje zilikuwa ndogo sana na zote zilifanana, na Hasina, ambaye alizijua chenga kuliko mtu yeyote mjini, alitazama pia akaona kwamba hata yeye hajui. Alivuta picha karibu zaidi, akaigeuza mwanga, akasubiri. Kidole cha Jerono kilikuwa kimesimama.

"Wacha zote, Mama Sumeya," Jerono akasema. "Kama siwezi jua, pengine zote ni zake."

Hasina akaondoa mkono kwenye kipanya.